Pesa ya Benki Huzaliwa kwa Sahihi Yako: Ushauri kwa Mkopaji wa Shanzu

Kila masika yanapokaribia na hoteli za ufuoni zikaanza kupunguza wafanyakazi, wasomaji wa Shanzu huniletea maswali yaleyale. Mpishi wa hoteli anauliza kama akope amalizie nyumba. Kijana wa boda anauliza kama pikipiki ya mkopo italipa. Mama wa mahamri anauliza mbona simu yake inameza kila shilingi inayoingia. Na karibu wote humalizia kwa swali moja: hizi pesa benki inazitoa wapi, na mbona kwao ni rahisi kuzitoa na kwangu ni vigumu kuzirudisha?

Najibu yote hapa pamoja. Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: pesa nyingi za mkopo hazikuwepo kabla yako. Hutengenezwa siku ile unapotia sahihi, au unapobonyeza "kubali" kwenye simu, na kinachozipa uzito ni ahadi yako ya kulipa. Ahadi hiyo ina bei. Ijue bei yake kabla hujaitoa.

## Pesa ya mkopo inatoka wapi

Wengi huamini kwamba benki huchukua akiba ya mzee wa Bamburi na kumpa kijana wa Shanzu. Ingekuwa hivyo, salio la mzee lingepungua. Wala halipungui. Tuseme mama mwenye kibanda cha chakula anakopa shilingi 100,000 anunue friji na jiko la gesi. Mambo huenda hivi:

1. Anatia sahihi. Benki inaandika mambo mawili kwa pamoja. Upande mmoja, mama anadaiwa 100,000, na deni hilo ni mali ya benki. Upande wa pili, akaunti ya mama inaongezeka 100,000, na salio hilo ni deni la benki kwa mama. Hakuna noti iliyotolewa kwenye sefu, wala akaunti ya mteja mwingine iliyoguswa.
2. Analipa dukani. Pesa inahamia kwenye akaunti ya mwenye duka Mtwapa. Kama duka linatumia benki nyingine, benki hizo mbili humalizana kupitia akaunti zao zilizoko Benki Kuu ya Kenya.
3. Pesa inazunguka. Mwenye duka analipa mshahara, analeta mzigo mwingine, analipa kodi ya pango.
4. Mama anarejesha. Kila anapopunguza deni lenyewe, kiasi hicho hufutika vitabuni. Riba na ada ndizo zinazobaki kuwa mapato ya benki.

Benki Kuu ya Uingereza ililieleza jambo hili waziwazi mwaka 2014: benki inapokopesha, inaumba salio jipya. Kenya nako ni vivyo hivyo. Noti na sarafu zilizo mikononi mwa watu hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya pesa yote ya nchi. Zilizobaki ni tarakimu kwenye akaunti, na nyingi kati ya hizo zilianza kama mkopo wa mtu fulani.

Na M-Pesa je? Salio lako la M-Pesa halikuumbwa na kampuni ya simu. Kila shilingi ya salio ina shilingi mwenzake iliyowekwa benki kwa amana. Lakini ukifuliza, hapo benki imeingia. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ni mkopo wa NCBA na KCB. M-Shwari ilianza Novemba 2012 chini ya Commercial Bank of Africa, ambayo leo imo ndani ya NCBA. Kwa hivyo usiseme "huu ni wa simu tu". Ni mkopo wa benki kamili, na jina lako linaandikwa kama la mtu aliyekopa kwa hati ya shamba.

## "Basi kama wanaandika tu, nilipe kwa nini?"

Swali hili ni la haki, na jibu lake ni fupi.

- Ulichonunua ni cha kweli. Friji ilitengenezwa na watu, ikasafirishwa, ikauzwa. Mwenye duka ametoa mali yake akiamini tarakimu zile.
- Benki inabeba hatari. Usipolipa, hasara inakula mtaji wa wenye benki. Ikizidi, inawafikia wenye akiba. Imperial Bank ilipowekwa chini ya usimamizi Oktoba 2015, na Chase Bank Aprili 2016, wateja walikuta milango imefungwa. Shirika la bima ya amana, KDIC, humlinda kila mteja hadi shilingi 500,000 kwa kila benki. Kabla ya Julai 2020 kiwango kilikuwa 100,000.
- Mahakama husoma mkataba. Hakimu haulizi pesa ilizaliwa vipi. Anauliza kama ulitia sahihi na kama ulipokea.

Akitokea mtu akakuuzia fomu za "kufuta deni" kwa hoja kwamba benki haikukupa pesa halisi, mkimbie. Utapoteza pesa za fomu, na deni litabaki palepale likiongezeka.

## "Mbona mimi hawaniandikii?"

Benki haiwezi kuandika mikopo bila mwisho. Inazuiwa na mambo haya:

- Akiba ya lazima. Kila benki huweka sehemu ya amana zake Benki Kuu. Tangu Februari 2025 sehemu hiyo ni asilimia 3.25. Kabla ya hapo ilikuwa 4.25.
- Ukwasi. Benki inatakiwa kuwa na mali inayogeuzika haraka kuwa pesa, isiyopungua asilimia 20 ya amana.
- Mtaji. Kadiri mikopo inavyokuwa mingi na ya hatari, ndivyo mtaji wa wenye benki unavyotakiwa kuwa mkubwa.
- Mkopaji mwingine. Serikali nayo hukopa kwa hati za hazina, na benki huona Serikali ni mlipaji wa uhakika kuliko wewe.
- Imani kwamba utalipa. Mwaka 2024, zaidi ya shilingi 16 katika kila 100 zilizokopeshwa na benki za Kenya zilikuwa hazilipwi ipasavyo. Afisa aliye mbele yako anaijua hesabu hiyo.

Manne ya mwanzo huwezi kuyagusa. La tano liko mikononi mwako, na Shanzu ina ugumu wake. Nyumba nyingi upande wa Kisauni ni zile tunazoziita nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine. Benki haishiki nyumba kama hiyo kuwa rehani. Ukiwa hapo, usipoteze miezi ukifuata mkopo wa hati ambayo huna. Jenga imani kwa njia hizi:

1. Pitisha mauzo yako yote kwenye till namba au akaunti moja, hata kama ni madogo.
2. Jiunge na SACCO iliyosajiliwa na uweke akiba kila mwezi. SACCO nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, wadhamini wakiwa wanachama wenzako.
3. Tumia mali inayohamishika. Sheria ya mwaka 2017 inaruhusu friji, mashine au mzigo wa dukani kuandikishwa kuwa dhamana.
4. Omba ripoti yako ya CRB, yaani ofisi za kumbukumbu za mikopo, kabla hujaomba mkopo. Ofisi zilizoidhinishwa ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka.

## Hatua ya kwanza: jua unakopa wapi

Usilinganishe mikopo kwa jinsi inavyopatikana haraka. Ilinganishe kwa bei na kwa kile utakachopoteza usipolipa.

- SACCO. Mara nyingi riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Ukishindwa, akiba yako inachukuliwa kwanza, kisha ya wadhamini wako.
- Benki, kwa pesilipi. Rejesho linakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Ni rahisi kupata, lakini hoteli ikikurudisha nyumbani, deni halirudi nyumbani nawe. Linaendelea.
- Mkopo wa simu. Unafaa dharura ya siku chache. Ukiugeuza kuwa mshahara wa pili, ni ghali mno.
- Hustler Fund. Hii ni pesa ya Serikali, ilianza 30 Novemba 2022. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, muda ni siku 14, na asilimia 5 ya unachokopa huwekwa kando kuwa akiba. Ukikopa 1,000 unapokea 950.
- Pikipiki au simu ya kulipa pole pole. Kitu chenyewe ndicho dhamana. Simu hufungwa, pikipiki huchukuliwa, na mara nyingi uliyokwisha kulipa hayarudi.
- Shailoki. Huyu ni mkopeshaji wa mtaani. Anachukua kadi ya ATM, kitambulisho au logibuku. Usimpe kitambulisho chako mtu yeyote akushikie.

Kampuni za mikopo ya simu zisizo benki zilikuwa hazina msimamizi hadi sheria ilipobadilishwa Desemba 2021. Tangu kanuni za Machi 2022, kila moja inatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Itazame kabla ya kupakua programu yoyote. Jina likikosekana, acha.

## Hatua ya pili: piga hesabu mwenyewe

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu wanauliza "riba ngapi?" wakaridhika na tarakimu moja. Tarakimu moja haitoshi. Asilimia 18 na asilimia 18 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Chukua mkopo wa 100,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka:

- Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote hadi mwisho: riba ni 18,000. Rejesho ni takriban 9,833 kila mwezi. Jumla unalipa 118,000.
- Riba ikihesabiwa kwa deni lililobaki: rejesho ni takriban 9,168 kila mwezi. Riba yote ni kama 10,000. Jumla unalipa takriban 110,000.

Tofauti ni shilingi 8,000, na tangazo ukutani linasema asilimia ileile. Muulize afisa waziwazi: "Riba hii inahesabiwa kwa mkopo wote au kwa deni lililobaki?" Akizungukazunguka, muombe karatasi ya ratiba ya marejesho. Ratiba haizunguki.

Sasa tazama mikopo ya siku 30. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo, kodi kando. Ukikopa 10,000 mara moja kwa dharura, ada ni 750, na huenda ikafaa kuliko kulala mgonjwa. Lakini ukiukopa na kuulipa kila mwezi mwaka mzima, umelipa 9,000 kwa kutumia shilingi 10,000 zilezile. Hakuna mahamri, boda wala kibanda cha viungo kitakachokuachia faida ya kubeba mzigo huo.

Fuliza nayo ina ada ya kuingia na ada ya kila siku kulingana na kiasi. Kila pesa inayokuingia inalipa Fuliza kwanza. Ndiyo sababu mama wa mahamri anaona simu "inakula". Haimwibii, inajilipa. Ikishajilipa, anabaki mikono mitupu na anafuliza tena jioni. Ili kulikata duara hilo, fanya hivi:

1. Chagua wiki ambayo una kipato kizuri, ulipe Fuliza yote.
2. Kabla hujaanza matumizi mengine, weka kando pesa ya mtaji wa kesho, hata 500, mahali usipopafikia kwa kubonyeza.
3. Punguza kiwango chako cha Fuliza au jiondoe kabisa.
4. Mauzo ya biashara yapokee kwenye till, si kwenye namba yako ya kawaida.

## Hatua ya tatu: pima mkopo kwa mwezi wa tano

Kipato cha Shanzu hakitoki sawasawa mwaka mzima. Desemba hadi Machi ufuo umejaa: hoteli zinaita vibarua, boda hazilali, wauza vinyago na lesso wanauza. Aprili hadi Juni mvua inanyesha, mabawa ya hoteli yanafungwa, na mkataba wa kazi unakatwa. Rejesho la mkopo halijui mvua. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kukopa Januari kwa hesabu ya Januari.

Fanya zoezi hili, ninaloliita hesabu ya mwezi wa tano, kabla ya kwenda popote:

1. Omba taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 12. Andika kilichoingia kila mwezi.
2. Zungushia miezi mitatu mibaya zaidi.
3. Chukua wastani wa miezi hiyo mitatu. Toa chakula, kodi ya nyumba, karo na dawa.
4. Kilichobaki kigawe kwa mbili. Nusu moja ndiyo rejesho lako la juu kabisa.
5. Rejesho la benki likizidi hapo, punguza mkopo, ongeza muda, au subiri.

Ukitoka na sifuri au chini ya sifuri, jibu limeshapatikana: usikope sasa. Weka akiba msimu unaokuja.

"Lakini afisa amesema mshahara wangu unatosha." Afisa anatazama sheria. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi thuluthi mbili za mshahara, yaani uondoke angalau na thuluthi moja. Huo ni mwisho wa kisheria, si kipimo cha maisha yako. Jaribu kuishi mwezi huu kwa thuluthi moja uone kama karo italipwa.

"Naweza kuomba malipo yafuate msimu?" Ndiyo, omba. Pendekeza rejesho kubwa Desemba hadi Machi na dogo Aprili hadi Juni. SACCO na taasisi ndogo ndizo husikia zaidi. Wakikubali, iwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya afisa huondoka naye akihamishwa tawi.

## Maswali kumi ya kumuuliza afisa

Yaandike kwenye karatasi uende nayo. Usione haya, yeye naye ana karatasi yake.

1. Nikiomba 100,000, ni shilingi ngapi hasa zitaingia kwenye akaunti baada ya makato?
2. Jumla yote nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi?
3. Riba inahesabiwa kwa mkopo wote au kwa deni lililobaki?
4. Riba inaweza kubadilika? Nitaarifiwa vipi?
5. Nikichelewa siku moja, faini ni ngapi?
6. Nikimaliza mapema, napunguziwa au natozwa?
7. Bima ya mkopo iko? Nikifariki, nani analipa?
8. Dhamana yangu ni ipi, na itaachiliwa baada ya siku ngapi nikimaliza?
9. Nikipoteza kazi, kuna utaratibu gani?
10. Nakala ya mkataba naweza kuondoka nayo leo nikaisome nyumbani?

La kumi ndilo la muhimu kuliko yote. Ukinyimwa nakala, usitie sahihi siku hiyo.

Kwa wenye mikopo inayoendelea: kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 13 Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 kilikuwa kimeshuka hadi 10. Kama mkataba wako unasema riba inabadilika, andika barua uulize ya kwako imeshuka kwa kiasi gani na lini. Riba hupanda bila kuombwa. Kushuka, mara nyingi hungoja ulizo lako.

## Kwa wanaoogopa riba

Wasomaji wengi Waislamu huniuliza kama wanalazimika kubaki nje. La. Gulf African Bank imekuwa ikitoa huduma kwa misingi ya kisharia tangu 2008. First Community Bank ilianza mwaka huohuo, na leo inaitwa Premier Bank. Katika murabaha, benki inanunua friji kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana, nawe unalipa kidogo kidogo. Bei hiyo haiongezeki.

Maangalizo mawili. Kwanza, hakikisha benki imekinunua kitu kweli kabla ya kukuuzia, na uulize bodi yao ya kisharia inasemaje kuhusu faini ya kuchelewa. Pili, linganisha bei ya mwisho na ya kwingine. Halali yaweza kuwa ghali pia, na hesabu ya mwezi wa tano inakuhusu vilevile.

## Makosa yanayorudiwa

- Kukopa kulipa mkopo. Programu ya tatu inalipa ya pili, ya pili inalipa ya kwanza. Deni halipungui, ada ndizo zinaongezeka.
- Kukopa mtaji, kula mtaji. Pesa ya friji inaishia kwenye arusi na karo. Friji ingelipa rejesho, arusi hailipi. Lipia kitu siku ileile pesa inapoingia.
- Kumdhamini rafiki kwa haya. Ukitia sahihi ya udhamini, umekopa. Udhamini usizidi kiasi unachoweza kukilipa wewe mwenyewe.
- Kuficha mwenzi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Hata pasipo na nyumba, deni linaliwa na watu wote wa nyumbani. Waambie.
- Kubadilisha laini ya simu ukidhani umetoroka. Deni linafuata kitambulisho, halifuati laini.
- Kudharau deni dogo. Kanuni za 2020 ziliondoa kuorodheshwa CRB kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Juu ya hapo, jina linaandikwa, na rekodi ya kushindwa hubaki miaka mitano hata baada ya kulipa.

## Ukishindwa kulipa

Usizime simu. Anayenyamaza ndiye anayechukuliwa mali kwanza. Fuata hatua hizi kabla ya tarehe ya rejesho kupita:

1. Andika barua. Taja namba ya mkopo, sababu, na kiasi unachoweza kulipa sasa. Ambatisha barua ya hoteli ya kukusimamisha kazi.
2. Omba mkopo upangwe upya. Benki hazifanyi hivi kwa hisani pekee. Mwaka 2020, korona ilipofunga hoteli za Pwani, Benki Kuu iliziruhusu benki kupanga upya mikopo, na zaidi ya nusu ya mikopo yote nchini ilipangwa upya. Njia hiyo ipo na maafisa wanaijua.
3. Lipa kidogo hata hivyo. Shilingi 1,000 yenye risiti ni ushahidi wa nia njema.
4. Jua mwisho wa riba. Tangu 2007, riba ya deni la benki lililokwama haiwezi kuzidi deni lenyewe lililokuwepo siku lilipokwama. Ukidaiwa kupita hapo, peleka hesabu kwa wakili au msaada wa kisheria.
5. Soma kila ilani. Ardhi iliyowekwa rehani haiuzwi ghafla. Sheria inataka ilani ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Siku hizo ni zako za kutafuta njia, ikiwamo kuuza mwenyewe kwa bei nzuri kabla ya mnada.

Wakianza kuwapigia shemeji na mwajiri wako: kanuni za 2022 zinakataza kampuni za mikopo ya simu kutisha, kutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Hifadhi ujumbe na sauti, kisha ushtaki kwa Benki Kuu na kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ofisi hiyo imeshazitoza faini kampuni za mikopo kwa kosa hilo, mwaka 2023. Deni bado utalilipa, lakini heshima yako haikuwekwa rehani.

## Matapeli wa msimu wa njaa

Mwezi wa nne ukifika, nao hufika. Watambue kwa haya:

- Wanataka ulipe "ada ya usajili" ndipo mkopo utoke. Mkopo wa kweli hukata ada kwenye mkopo wenyewe.
- Wanaahidi kufuta jina lako CRB kwa malipo. Deni huandikwa kuwa limelipwa unapolilipa, rekodi yenye makosa hurekebishwa kwa kuipinga, na kupinga hufanywa na wewe mwenyewe.
- Wanaomba namba ya siri ya M-Pesa. Hakuna afisa wa benki yoyote anayeihitaji.
- Wanatumia picha ya kiongozi na jina la mfuko wa Serikali kwenye ukurasa wa Facebook wenye namba ya mtu binafsi. Hustler Fund inapatikana kwa *254# na kwa programu za simu zilizotangazwa rasmi.

## Fanya haya wiki hii

1. Andika kila deni ulilonalo: unadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe gani, ada gani.
2. Panga kuanzia la ghali zaidi. Hilo ndilo la kulipwa kwanza, hata kama si kubwa.
3. Omba ripoti yako ya CRB ya bure. Ukiona deni usilolijua, lipinge kwa maandishi.
4. Fanya hesabu ya mwezi wa tano.
5. Kama bado unataka kukopa, nenda kwa wakopeshaji watatu na maswali yale kumi. Linganisha majibu usiku, nyumbani, pamoja na mwenzi wako.

Benki ina mawakili na watu wa hesabu waliokaa juu ya kila mkataba kabla haujaletwa kaunta. Wewe una usiku mmoja na kalamu. Utumie usiku huo, kwa sababu pesa ile haitazaliwa mpaka ukubali, na siku kabla ya kukubali ndiyo siku pekee ambayo nguvu yako ni kubwa kuliko ya benki.